Waya wa Tekla

Uliona, ukainamia simu yako. Ilikuwa raundi ya mwisho ya fainali, mchezo wa ngumi za kwenye skrini, na Tekla alibakiza pigo moja ashinde. Rafiki wa mpinzani wake Hamdani akapita, akaukanyaga waya wa pedi ya kuchezea ya Tekla, ukachomoka. Mchezo ukasimama. Kanuni wanaijua wote: pedi yako ikisimamisha mchezo, raundi umepoteza.

"Waya umekanyagwa," Tekla alisema, kwa uchovu wa aliyekwisha kuyasema hayo mwaka juzi na mwaka jana.

"Kila mwaka nyaya zako tu, shangazi," Hamdani akacheka. "Zina miguu?"

Mwamuzi akaugeukia ukumbi. "Nani ameona?"

Tekla hakugeuka. Aliushika waya, ncha ikining'inia, akasubiri.

Wewe wa safu ya pili, inua mkono sasa hivi.