Hatua Mia Moja

Hakimu alipomaliza kusoma amri, Halina alimgeukia mkalimani wake, mtoto mapajani. Hakuelewa hata neno moja, na mumewe alikuwa anatabasamu.

Mkalimani huyo, Bi Sikudhani, alisomea uuguzi Ukraine zamani. Kiukraine cha wodini alikuwa nacho, cha mahakamani hapana. Jina la amri ile halikumjia, basi akaeleza maana yake tu: mume asimguse yeye wala mtoto, akae umbali wa hatua mia moja mpaka kesi iishe. Akikaidi, jela.

"Muulize karatasi hii itamzuiaje," Halina alinong'ona.

Sikudhani akauliza. Hakimu akavua miwani, akaifuta. "Mwambie, huyo bwana akikaidi, yeye mama aende polisi akaripoti."

Sikudhani alilitafsiri hilo huku akitazama sakafu.

Nje, mume alikuwa langoni. "Shikamoo, mama," alimwamkia Sikudhani kwa adabu. Kisha akawapa mgongo, akaanza kutembea huku akisema kwa sauti.

"Anasemaje?" Halina aliuliza.

"Anahesabu."

Alipofika mia aligeuka, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara, akawatazama. Njia ya kwenda nyumbani kwa Halina ilikuwa hiyohiyo moja.