Fungate ya Visiwa Vitano

Bwana harusi alikuwa ametoka tena kabla ya chai. Hiki kilikuwa kisiwa cha nne, na bibi harusi hakuwa na haja ya kuuliza alikokwenda: gatini, sokoni, zahanatini, picha mkononi, akiuliza kama kuna aliyewahi kumwona mwanamke huyu.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa mke wake wa kwanza. Miaka mitatu nyuma alianguka kutoka kwenye boti katikati ya visiwa hivi hivi, na mwili wake haukupatikana. Mume, fundi wa miwani, mtu mpole asiyepandisha sauti hata kwa mteja msumbufu, aliyaeleza yote hayo kabla ya posa. Aliomba jambo moja tu. Fungate waifanye huku, wahame kisiwa hadi kisiwa, apate walau kaburi la kulilia, kisha moyo wake uwe wa mke mpya peke yake.

Shangazi yake bibi harusi alicheka. Alisema mke mwenza aliyekufa hagombei jiko, na mwanamke wa miaka arobaini kasoro mmoja hachagui bahari ya kuogea. Naye bibi harusi alikuwa mkunga. Alishazoea kuingia nyumba za watu katika siku zao ngumu bila maswali mengi. Akakubali.

Hata hivyo, iliuma. Kila asubuhi alikunywa chai peke yake barazani akitazama maji ya kijani. Kila mchana mume alirudi hoi, viatu vimejaa mchanga, akisema watu wametikisa vichwa tu. Kisha walikwenda kuogelea, wakapigana picha, naye akamshika mkono kama mume yeyote aliyeoa juzi.

Kisiwa cha tano kilikuwa kidogo, hakina hata gari moja. Huko nako watu walitikisa vichwa.

Siku hiyo hiyo, mama mwenye nyumba ya wageni alikuja mbio akiuliza kama ni kweli mgeni ni mkunga. Binti yake alikuwa na uchungu tangu jana, na boti ya kwenda hospitali ilikuwa haijarudi. Bibi harusi alivua kofia ya jua, akanawa mikono hadi viwikoni. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, kitovu kimemzunguka shingo. Ilichukua saa tatu. Mtoto alipolia, nyumba nzima ililia naye.

Yule mama alimwambia aombe chochote. Bibi harusi hakuomba kitu. Alitoa simu, akamwonyesha nakala ya ile picha.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Alisema wanaume wageni hawaambiwi habari za wanawake wa hapa, lakini wewe, mwanangu, sasa ni wa nyumbani. Huyo ni mshonaji wetu. Anakaa nyuma ya shule, anashona sare za watoto. Bahari ndiyo iliyomleta, na tangu aje hajakanyaga boti.

Bibi harusi alirudi chumbani, akafungulia maji ya bafuni ili kilio kisisikike. Mume aliyempata baada ya kungoja ujana mzima alikuwa na mke hai. Angeweza kunyamaza. Kesho kutwa wangeondoka, na hakuna ambaye angejua. Alikaa sakafuni chini ya maji hayo mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Mwisho akaona hataweza kulala kitanda kimoja na mtu huku amemfungia furaha yake.

Alipomwambia, mume alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Hakulia. Aliuliza kama mshonaji ameshaambiwa. Bado, alijibiwa. Akasema vizuri, maana mshtuko huua. Ni heri wakutane mbali na macho ya watu, kule nyuma ya majabali, kesho asubuhi. Akamwomba amlete yeye mwenyewe.

"Wewe ni mwema kuliko mimi," alisema, akambusu paji la uso.

Mshonaji alikuwa mwembamba, mcheshi, pini zimejaa mdomoni. Habari za mtoto zilishamfikia, na alimkumbatia mkunga kana kwamba wamelelewa nyumba moja. Alipoambiwa kuna zawadi yake ufukweni, aliiacha kwenye cherehani suruali ya mtoto yenye mguu mmoja, akafuata. Njiani alisimulia vituko vya mwalimu mkuu anayenenepa kila muhula na kudai kitambaa ndicho kinachorudi. Mkunga alicheka inavyostahili. Kichwani alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia shangazi, na namna ya kuivua pete bila kumharibia mtu siku yake.

Walizunguka jabali la mwisho wakiwa wameshikana mikono. Mume alikuwa amesimama ndani ya maji ya magoti, ameshika ukingo wa boti ndogo. Hapakuwa na nahodha wala mtu mwingine.

Mshonaji alisimama ghafla. Vidole vyake viliubana mkono wa mkunga mpaka mifupa ikauma.

"Dada," alisema kwa sauti ndogo, "mimi sikuanguka."

Mume aliiachia boti, akaanza kuwajia taratibu, bila haraka yoyote. Hakumtazama mshonaji. Alikuwa akimtazama bibi harusi wake, kwa upole uleule wa siku zote.

"Miaka mitatu nimewauliza peke yangu, wakaninyima," alisema. "Ikabidi nioe."