Moto wa Kumpokea Shigeru

Sijawasahau walioinua mikono sheria ile ipite: katika bonde letu la Shikoku mila zote zifanywe na watalii, sisi wenyeji tusimame pembeni tukitabasamu.

Jana jioni ilikuwa zamu ya moto wa mlangoni, ule ambao wafu wetu huuona wakarudi nyumbani. Dada yangu Hatsue alimzika mwanawe Shigeru mwezi wa nne. Mtalii akauwasha moto, akaita, "Shigeru! Karibu!"

"Hiyo sauti mwanangu haijui," dada akaniambia. "Atapita tu."

"Basi kamwite mwenyewe! Watakumeza?"

Akakimbilia barabarani, akamwita huku analia. Watalii wakapiga makofi. Mwongozaji akamwomba arudie, eti wa nyuma hawakuona.

Dada akarudia. Huenda Shigeru hakusikia mara ya kwanza.