Mkataba Ukutani

Siku ya haki za binadamu, ukumbi wa chuo ulifurika. Dakta Lubuva, mshauri wa wanafunzi, alimshika mkono Tunu, mwanafunzi wa sheria asiyeona, akamwongoza hadi ukutani.

"Mkataba wetu wa haki tumeuandika kwa nukta nundu, ili wasioona nao wausome kwa vidole vyao," alitangaza. "Tunu atatusomea ibara ya kwanza."

Makofi yakapigwa. Tunu akanyoosha vidole, vikateleza juu ya kitu baridi. Akapapasa juu, chini na pembeni; kote kulikuwa laini kama sahani.

"Daktari, hiki ni kioo."

"Ndiyo, binti yangu. Mkataba ukishikwashikwa utachafuka."

"Sasa mimi nasoma nini?"

"Sema chochote unachokumbuka," alimnong'oneza. "Wapiga picha wanasubiri."

"Nikumbuke nini, na hamjawahi kunipa niushike?"

Swali lilisikika hadi viti vya nyuma, makofi yakakatika. Tunu akaikunja fimbo yake nyeupe ya chuma, kipande kwa kipande, hadi ikawa furushi zito kiganjani.

"Sogeeni nyuma kidogo," alisema. "Nataka kusoma."