Kigingi Chenye Kitambaa Chekundu

Mwalimu alichovya kalamu kwenye wino alipofikia jina la Wacera. Fomu iliyoletwa kutoka Eldoret iliuliza tabia za kila mtoto wa darasa la kwanza, na swali la nne lilikuwa hili: Huacha kiti chake bila ruhusa? Kamwe, mara chache, kila siku.

Kila siku, tena hata katikati ya sala. Wacera huenda dirishani, akachungulia, akarudi kimya. Fimbo haikusaidia. Na mtoto wa “kila siku” angerudishwa nyumbani mpaka mwaka ujao.

Wacera akainuka tena.

“Wewe, unaangalia nini huko?”

“Kigingi chetu, Mwalimu.”

Mwalimu akamfuata. Ng’ambo ya barabara, kwenye shamba la mzungu ambalo wazazi wa watoto walilinunua kwa kuchanga, vigingi vya mipaka ya ploti vilisimama katikati ya mabua ya mahindi. Kimoja kilifungwa kitambaa chekundu, sawa na kiraka kilichoshonwa kwenye kiwiko cha sweta ya Wacera.

“Mama anakamua ng’ombe kule chini, hawezi kukiona. Alisema mtu akikihamisha, nikimbie nimwite.”

Mwalimu alikuwa bado ameshika kalamu wakati mwanamume mmoja mwenye koti refu alipoinama pale penye kitambaa chekundu, akatazama huku na huku, akaking’oa kigingi.

“Mwalimu,” Wacera akasema, kwa mara ya kwanza tangu aanze shule, “naomba ruhusa.”

Mwalimu alikuwa ameshafungua mlango.