Kesi Nne za Wakili Tolliver

"Nguruwe," alisema Jaji Halloran. "Wakili Tolliver, nimefungua kitabu na ukurasa ulionielekeza. Nilitarajia mama aliyenyimwa bima. Nimekuta lori la nguruwe limepinduka barabarani."

Ukumbi wote ukacheka, hata askari wa mlangoni. Emmett Tolliver alibaki amesimama, mikono nyuma, anakitazama kiatu chake kilicholowa theluji.

Kwenye hoja zake za maandishi alikuwa ametaja kesi nne za kumsaidia mteja wake, Darlene Wojcik. Zote nne hazikuwahi kusikilizwa mahali popote Marekani. Aliyegundua ni Todd Bremer, wakili wa kampuni ya bima, na tangu asubuhi meno yake yalikuwa nje.

Kosa lenyewe siku hizi linajulikana. Wakili anaiambia akili bandia imtafutie kesi, nayo ikikosa haisemi imekosa. Inatunga. Na hakuna aliyelichukia jambo hilo kama Jaji Halloran. Kila chama cha mawakili kilipomwalika kula, alianza kuwasema wanaotumia mashine hizo kabla supu haijaletwa. Yeye mwenyewe alikuwa mfano wa kuigwa: zamani ulingoja uamuzi wake mpaka ukasahau ulishtaki nini, sasa ulikuwa unatoka wiki hiyohiyo, mrefu, umenyooka, kila sentensi na kesi yake.

"Ulisaini hati kwamba hukutumia mashine?" jaji aliuliza.

"Nilisaini, Mheshimiwa. Na sikutumia."

"Basi hizi kesi ulizitoa wapi? Uliziota?"

"Nilizinakili mahali, Mheshimiwa. Kosa langu ni kwamba sikwenda kuzihakiki. Niliona aibu hata kuwaza kuzihakiki."

"Mahali gani?"

Tolliver alikohoa. "Naomba tukaongelee ofisini kwako. Mawakili wa pande zote mbili wawepo."

"Ofisini kuna nini? Ulipoandika uongo uliandika hadharani. Utaungama hadharani."

Darlene alimvuta koti. Alikuwa amewapikia wafanyakazi wa kiwanda cha matairi mpaka mgongo ukamgomea. Bima ilimlipa mwaka mmoja, halafu ikasema picha za mgongo wake zinaonyesha mtu mwenye afya kabisa. Sasa alikuwa analala kwenye kochi la dada yake, na nyumba yake benki ilikuwa imeshaiwekea macho. Kesi hii ikifa, hana nyingine.

"Emmett, we mzee, sema basi," alinong'ona. "Kama ni kompyuta, si useme ni kompyuta? Mjukuu wangu naye inamfanyia hesabu zote, hajafungwa."

"Darlene, nikisema, atakayeumia ni wewe."

"Mimi nimeshaumia, mwenzangu. Niangalie ninavyokaa."

Bremer akacheka kwa sauti ya kusikika. "Mheshimiwa, pengine wakili mwenzangu amesahau jina la mashine yake. Umri nao."

"Todd," Tolliver alimwambia taratibu, "hebu usiandike kitabu na ukurasa. Andika majina ya kesi peke yake, utafute hivyo."

Bremer aliinua mabega, akaifungua kompyuta yake na kuandika, bado anatabasamu. Akasoma. Akasogea karibu na kioo, akasoma tena. Tabasamu likaisha. Akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Mheshimiwa, upande wa bima hauna pingamizi. Twende tu ofisini."

"Nini?"

"Tena, nikifikiria vizuri, tunaondoa lile ombi letu la kumwadhibu. Binadamu tunakosea. Theluji hii pia..."

"Theluji imefanyaje? Bwana Bremer, kaa chini! Wewe ndiye uliyeleta malalamiko, kisha unayakimbia?"

Bremer alikaa, akakumbuka hakuna kiti, akakiokota, akakaa tena. Kompyuta aliifunga kama mtu anayefunika sufuria inayofurika.

Jaji alivua miwani. Uso ulikuwa umemwiva.

"Naona mawakili wa mji huu mmeamua kulindana. Sawa. Wakili Tolliver, nitapeleka jina lako jimboni wakunyang'anye leseni. Na madai ya Bi Wojcik nayafuta leo hii, sasa hivi, kwa sababu yamejengwa juu ya uongo. Asikate rufaa kwangu kwa machozi."

Darlene hakulia. Aliuchukua mkoba wake, akaanza kuinuka polepole, kwa vituo, mkono mmoja mezani na mwingine kiunoni, kama anayepanda ngazi ambayo wengine hatuioni.

Tolliver alimtazama mpaka alipomaliza kusimama. Ndipo akaitoa mikono mgongoni.

"Mheshimiwa, nitasema."

"Ulikuwa unangoja mwaliko?"

"Ni aya moja. Niliinakili nzima, hata koma sikugusa, kwa sababu niliona anayeiandika hivyo hawezi kukosea. Imo katika uamuzi uliotolewa Machi, kesi ya dereva wa basi la shule aliyenyimwa bima. Kesi zote nne zimo humo, na vitabu vyake, na kurasa zake, pamoja na ule wa nguruwe."

"Upuuzi mtupu!" Jaji Halloran aliipiga meza. "Hakuna jaji wa mahakama hii anayeweza kutia saini takataka kama hiyo bila kuisoma. Ni uamuzi wa nani huo?"

"Wa kwako, Mheshimiwa."