Kamba ya Kushushia Tanga

Mwanashuru aliingia dukani amekumbatia kapi la mlingotini, kigurudumu kinachopitisha kamba ya tanga. Mwanawe alimsubiri ufukweni na mashua, apate kamba avuke bahari.

“Chukua hii nene, dada. Hata fahali haikati,” muuza kamba alisema. “Hiyo nyembamba kaanikie nguo!”

“Nene ndiyo iliyomzamisha baba wa mwanangu. Ililowa ikavimba, ikakwama kwenye kapi. Upepo umemjia, tanga halishuki.”

Akaichovya nene kwenye ndoo ya maji, akaipitisha kwenye kapi. Ikakwama. Akachovya nyembamba, ikapita kama nyoka aingiaye shimoni.

“Basi umepata,” muuza kamba alisema.

Mwanashuru akaifunga nguzoni, akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikukatika.

“Dada, utaniangushia duka!”

Upepo ukabamiza mlango. Mwanashuru akatazama ufukweni, akajizungushia kamba kiganjani, akavuta tena.